Wimbo wa Bocelli: wa sendofu au wa msiba?

KinandaSinza

Wakuu salaam. Nimekwama, na Jumamosi ya wiki ijayo hiyo hapo.

Mimi napiga kinanda kwenye bendi ndogo ya shughuli, tuko wanne, maskani Sinza. Harusi, sendofu, kipaimara, popote tunakwenda. Sasa kuna sendofu Mbezi Beach. Bibi harusi mtarajiwa kanitumia wimbo mmoja tu, kasema mengine nipange mwenyewe ila huu lazima: Con te partirò wa Andrea Bocelli. Anataka tuupige pale anapoinuka meza kuu kwenda kumchukua mchumba wake katikati ya wageni na kumtambulisha kwa wazazi.

Jana nikaitwa kwenye kikao cha kamati nieleze ratiba ya muziki. Nikawachezea kipande kwenye simu. Baba mtu akaweka soda chini. "Huo ndio tuliomsindikiza nao mwenzetu wa ofisini. Gari la maiti linatoka kanisani, huo ndio unalia. Kwa mwanangu haupigwi." Binti akasema baba, huo ni wimbo wa mapenzi. Mama akasema jamani turudi kwenye vinywaji.

Usiku nikaingia YouTube nijue nani mkweli, nikazidi kupotea. Kuna Bocelli peke yake, kuna Bocelli na mwanamama Mwingereza ambapo jina limekuwa Time to Say Goodbye, kuna chemchemi za hoteli moja Las Vegas zinarusha maji kwa wimbo huohuo, kuna watoto wa mashindano ya vipaji wanalia majaji wanalia.

Wanaojua, nisaidieni. Unaaga au hauagi? Na nikikubaliwa, mwimbaji wetu hajui Kiitaliano hata salamu.

ChumviYaBuguruni

Mzee yuko sahihi. Goodbye ni goodbye, hata konda wa daladala anajua. Piga Bongo Fleva watu wale pilau waende.

MwanaKigamboni

Chumvi, hilo jina la Kiingereza ndilo linalowapoteza watu. Nimewatembeza Waitaliano Nungwi miaka tisa kabla sijarudi huku, lugha yao nimeiokota ufukweni lakini hapa sibabaishi. *Con te* ni "pamoja na wewe". *Partirò* ni "nitaondoka". Nitaondoka nawe. Anayeimba hamuagi mtu, anafunga mizigo wende wote. Ukisikiliza ndani anataja nchi ambazo hajawahi kuziona wala kuishi, na meli za bahari ambazo anakiri hazipo tena. Kuna huzuni ndani, sikatai. Ila maiti hamna.

Kuhusu mwimbaji wako asiogope. Irabu zao ni zetu, a e i o u, soma kama ilivyoandikwa. Shida ni moja tu na ndiyo itakayomuumbua. Sisi tunakaza silabi ya pili kutoka mwisho, kwa hiyo ataimba "par-TI-ro" kama anasema "kitoto". Kile kialama juu ya o kipo kwa sababu. Ni par-ti-RÒ, na sauti ndefu kuliko zote imekalia hapohapo kwenye "rò". Akikaza "ti", ataifikia sauti ya juu pumzi imeshakwisha. Mwambie aseme mara mia akiwa kwenye foleni ya Ubungo.

MzeeWaKopi

KinandaSinza, mwanangu, huo wimbo nimeupiga tangu nywele zikiwa nyeusi. Ngoja nikupe ulikotoka maana baba wa binti hajakosea, na binti hajakosea.

Muziki ni wa Francesco Sartori, maneno ya Lucio Quarantotto. Bocelli aliupeleka kwenye mashindano ya nyimbo ya Sanremo, kwao Italia, mwaka 1995. Unajua alishika nafasi ya ngapi? Ya nne. Mwaka mmoja kabla alikuwa ameshinda kundi la chipukizi jukwaa hilohilo. Nyumbani kwao wimbo haukufanya maajabu, ukaenda kuwaka Ufaransa na Ubelgiji. Na huyo Bocelli, kabla ya yote hayo, alisomea sheria Pisa na usiku alipiga kinanda kwenye baa, kama wewe na mimi. Macho yalizima kabisa akiwa na miaka 12.

Msiba umeanzia kwenye ngumi. Ujerumani kulikuwa na bondia Henry Maske, hajawahi kupigwa katika ngumi za kulipwa, akatangaza pambano la mwisho Novemba 1996 mjini Munich. Sarah Brightman, yule mwanamama Mwingereza uliyemwona YouTube, akatakiwa aimbe kumuaga. Wakauchukua huu, wakamwita Bocelli waimbe wawili, na pale kiitikio kinapoanza wakatoa yale maneno ya jina na kupachika "Time to say goodbye". Sentensi moja ya Kiingereza, iliyobaki Kiitaliano kilekile! Maske usiku ule akapigwa na Virgil Hill kwa pointi, ukumbi mzima unalia, wimbo unapigwa. Ukakaa namba moja Ujerumani wiki 14. Toka hapo, kila anayestaafu, anayehama na anayezikwa anasindikizwa na huo. (Maske mwenyewe alirudi ulingoni 2007, akamtwanga Hill. Aliyeagwa na dunia nzima akarudi.)

Mwaka 1999 Donna Summer akaugeuza wa disko, na yeye ndiye aliyeupa jina la Kiingereza lenye haki yake: I Will Go with You. Wahispania nao wana wao, Por ti volaré, "kwa ajili yako nitaruka". Kila mmoja kaukata kwa mkasi wake.

Sasa kisa changu. Miaka ile ya tisini mwishoni tulikuwa na mkataba kwenye hoteli moja ya ufukweni, kopi tupu, yaani nyimbo za watu wengine, kila usiku. Meza ya Wajerumani ikaomba Time to Say Goodbye. Nikaanza. Mzee mmoja wa Kiitaliano akainuka meza ya pili, kaja mpaka kwenye kinanda, kaniwekea mkono begani, ananitajia jina halisi polepole kama mwalimu wa darasa la kwanza. Wajerumani wanataka la kwao. Nikaimba beti ya kwanza kwa Wajerumani, nikarudi mwanzo nikaimba kwa Mwitaliano. Pande zote mbili zikajaza glasi ya bakshishi. Sauti zilezile, kodi za kinanda (chords) zilezile. Mmoja anaagwa, mwingine anachukuliwa.

Ushauri wa fundi: toa Kiingereza chote. Usiweke ile ngoma inayotembea kama paredi ya jeshi kwenye toleo la wawili, hiyo ndiyo inayonuka jeneza. Anza kinanda peke yake. Na shusha ki (key) ya wimbo mapema, kwa sababu kiitikio cha mwisho kinapanda, na kama mwimbaji wako hana sauti ya tenor ya kweli, ile ya juu ya kiume, atakufia jukwaani, hapo baba mtu atakuwa ameshinda.

KibandaUmiza88

Mimi Bocelli nilimjulia kwenye mpira. Mei 2016, Leicester wanakabidhiwa kombe, siku ile na Everton. Tuko kibandani Manzese, tumelipa mia tano tano, mara anatoka mzee kashikwa mkono na Ranieri, kocha wao, anaimba katikati ya uwanja. Watu wakaanza kupiga kelele "mtoeni tuone mpira". Aliimba mbili, ya pili ndiyo hiyo. Akafungua koti, ndani kavaa jezi ya Leicester. Kibanda kikalipuka. Kwangu mimi ni wimbo wa ubingwa, msiba siujui.

AltoNambaMbili

Wanaume mmeandika historia nzima, hakuna aliyeuliza binti anatazama wapi. Nimeimba kwaya miaka kumi na nane, harusi na misiba wimbo huohuo, kinachobadilika ni mtu anaimbiwa akiwa amesimama wapi. Akiwa kawaelekea wazazi wake, hiyo "nitaondoka nawe" itamwendea nani? Itakuwa vioja. Aimbiwe akiwa ameshawapa mgongo meza kuu, anatembea kwa mwenzake.

Halafu huyo baba, muulizeni kama atakataa Malaika. Ule ni wimbo wa kijana aliyeshindwa kuoa kwa kukosa mali, na hakuna harusi mjini hapa ambayo haujapigwa, kuanzia wa Fadhili William mpaka wa Boney M. Bwana harusi anautabasamia kabisa, mahari kamaliza jana kwa mkopo.

KinandaSinza

Mzee wa Kopi, shikamoo. Dada Alto, asante, hilo la kutazama sikuwa nimeliwaza.

Nimempigia baba mtu. Nikamweleza maana ya maneno, akanyamaza, akauliza "Una uhakika?" Nikasema nimethibitishiwa. Akasema upigwe, lakini akilisikia lile neno la Kiingereza anazima jenereta mwenyewe.

Mazoezini tumepata kitu. Mwimbaji "partirò" bado inamponyoka, kwa hiyo mstari wa mwisho tunauimba Kiswahili. "Nitaondoka nawe" haiingii, silabi saba kwenye sauti tano, na mwisho wake mwepesi. Tumehangaika karibu saa nzima. Mpiga besi, mtu wa Tanga, asiyesemaga, ndiye kasema: "Nakwenda na wee." Na-kwe-nda-na-wee. Tano kamili, na "wee" inakaa pale juu inavutika unavyotaka. Tumeshusha ki sauti mbili.

MwanaKigamboni

"Nakwenda na wee" 😂 Huyo mpiga besi mwongezeeni posho.

KinandaSinza

Wakuu, mrejesho kama nilivyoahidi.

Ukumbi ulijaa. Binti kainuka, nikaanza kinanda peke yake kama alivyoagiza Mzee wa Kopi. Kawapa mgongo wazazi, anatembea taratibu kati ya meza, gauni linakwaruza miguu ya viti. Mwimbaji kaanza Kiitaliano, safi tu, hata mimi nilishangaa. Nikamchungulia baba mtu, mikono kaweka magotini, anamfuata binti kwa macho. Binti kamfikia kijana wa watu, tukapanda ki, "nakwenda na weee", shangazi zake wakaanza vigelegele. Mama akapokea leso kutoka kwa baba. Nikasema moyoni tumetoboa.

Ndipo MC akashika maiki, kabla sijamaliza kodi ya mwisho: "Makofi kwa bendi yetu, na huo ndio ule wimbo maarufu, Taimu Tu Sei Gudibai!"

Baba mtu hakumwangalia MC. Aliniangalia mimi. Mpaka leo salio la laki mbili sijalipwa, na nikipiga simu anapokea mama.