Kikundi cha Nyumba ya Langoni: majina ya vituo

Zena: Assalam aleikum nyote. Orodha ya majina ya vituo nitakayorekodi kuwatangazia abiria ndiyo hii, mnisahihishe kabla ya kesho asubuhi. Vituo: Lamu, Shella, Matondoni, Kipungani, Mokowe, Manda Maweni, Ras Kitau, Takwa, Mtangawanda, Pate, Siyu, Tchundwa, Mbwajumwali, Faza, Kizingitini, Kiwayu. Mjini: Mkomani, Langoni, Utukuni, Mkunguni, Usita wa Mui. Maandishi ya kwenye karatasi hayaguswi, nimeambiwa. Yetu ni sauti tu.

Ami Shee: Waaleikum salaam. Afadhali hivyo. Tukianza kubishania tahajia hutarekodi mwaka huu.

Bi Somoe: Zena mwanangu, ile sauti ya majaribio uliyotuma yana nimeisikiza mara tatu. Mkomani haina m. Nasikia "Komani". Na Siu umeitia y.

Zena: Bibi, m nimeisema wallahi 😭

Athman: Umeisema, simu ndiyo iliyoila. M ya mwanzo ni sauti ndogo: midomo imefungwa, pumzi inapita puani. Simu nyingi hupunguza kelele zenyewe kwa zenyewe, na m kama hiyo huhesabiwa kelele. Halafu ukikata mwanzo wa faili kwa kutazama mawimbi kwenye kioo, m huonekana kama mstari mtupu, nawe wakata papo hapo. Kama programu yako ina sehemu ya kupunguza kelele, izime. Bonyeza kurekodi, kaa kimya sekunde mbili, funga midomo, vuta m kidogo kuliko unapoongea kawaida, ndipo "ko". Ukikata, acha nusu sekunde kabla ya jina.

Ami Shee: Lakini usiivute ikazaa irabu. "Mukomani" ni kosa la upande wa pili, na ndilo baya zaidi, maana m iliyoliwa msikizaji huijaza mwenyewe. Hiyo m ni silabi nzima peke yake. M-ko-ma-ni, nne. M-ku-ngu-ni, nne. M-ta-nga-wa-nda, tano. Gonga meza kwa kidole kila silabi, kidole kikigonga mara nyingi kuliko hesabu, kuna irabu umeiingiza.

Kupi: Samahani, nani ana ufunguo wa chumba cha tangi? Maji yamwagika juu

Bi Somoe: Uko kwangu, tuma mtoto.

Mwanaisha: Huku Nairobi wanaosoma habari husema KIzingitini. Mkazo wake uko wapi hasa?

Ami Shee: Silabi ya pili kutoka mwisho, kama maneno yetu yote. Linalowapoteza watu ni -ni. Ikiongezwa, mkazo unasogea mbele hatua moja. Mkoma, ule mti, mkazo uko "ko". Tia -ni, unahamia "ma": mkoMAni. Lango, laNGOni. Mkungu, mkuNGUni. Kizingiti mkazo uko "ngi", lakini kituo ni kizingiTIni. Anayelijua neno la asili hubaki na mkazo wake wa zamani bila kujua, kwa hiyo kosa hili hata wenyewe hulifanya wakisoma haraka.

Zena: Na Utukuni? Kuna mtu ameandika kwa kalamu pembeni "mahali pa vitu".

Bi Somoe: Utuku ni soko. Mfutie hiyo.

Ami Shee: Mkazo wake ni uTUku. Ukitia -ni, utuKUni. Na hapa, Zena, yafaa ujue kwa nini, usije ukasoma kama kasuku. Majina yetu kadhaa yamebeba Kiamu, Kiswahili cha Amu, yaani Lamu, ndani yake, na anayesoma kwa Kiswahili cha shule huyaona kama yameandikwa vibaya, akayatengeneza.

Palipo na ch kwa Kiunguja, sisi mara nyingi tuna t: macho mato, kichwa kitwa, mchele mtele, mchanga mtanga. Hiyo mtanga ya mwisho ndiyo iliyo mwanzo wa Mtangawanda. Ukisoma "Mchangawanda" umetafsiri, hukusoma.

Palipo na j tuna y, au hatuna kitu: jana yana, moja moya, kuja kuya, maji mai, jino ino, jiwe iwe, mji mui. Usita wa Mui basi ni njia ya mji, ile ndefu inayokwenda sambamba na pwani. Mu-i, silabi mbili, mkazo kwenye mu. Usiseme "mwi".

Na nj ni nd: njaa ndaa, nje nde, njia ndia.

Athman: Hata huku Mombasa tunayo Ndia Kuu, Mji wa Kale. Wageni hudhani aliyechora kibao alikosea 😂

Mwanaisha: Hiyo nd ina hatari. Mtoto aliyekulia bara mwambie "ndoo!" akuletee ndoo.

Bi Somoe: Na akiileta iwe na mai ndani.

Famau: Niongeze tahadhari, maana Zena akishaipata sheria hii ataigeuza dunia yote. Si kila ch huwa t. Ch ya chakula, chombo na chumba ni ki- iliyokutana na irabu, hiyo hubaki ch hata Amu. Kuna kipimo rahisi: tia neno kwenye wingi. Likitoka na vy- (vyakula, vyombo), ch usiiguse. Mchele hautoi vy-, basi ni mtele. Hiyo vy- yenyewe ndiyo inayobadilika, sisi twasema zakula, zombo. Anayesema "takula" ajulikana papo hapo kuwa ameisoma Kiamu kwenye karatasi.

Na j iliyokuja na Kiarabu haitoki. Ijumaa ni Ijumaa, jamaa ni jamaa, hija ni hija.

Zena: Sawa. Lakini kucheka ikiwa kuteka, na kuteka maji je? Si zitagongana?

Ami Shee: Zagongana kwenye karatasi tu. Mdomoni ni t mbili. Ya kuteka yenye maana ya kucheka, ncha ya ulimi yagusa meno ya juu, nyuma yake kabisa, kama wataka kuutoa ulimi nje ukajizuia. Ya kuteka mai, ulimi uko juu zaidi, kwenye ufizi. Sheria ni hiyo hiyo: t iliyo ch kwa Kiunguja hukaa menoni. Kwa hiyo t ya Mtangawanda ni ya menoni. Sema "mato" mara tano, halafu bila kuusogeza ulimi sema "mtanga". Herufi za kizungu hazina njia ya kuonyesha tofauti hii, ndiyo maana vijana waliojifunza kwa kusoma tu hawana ila t moja.

Athman: Na kipaza sauti cha simu huionyesha tofauti hiyo kidogo sana. Usiitafute kwa kuongeza nguvu, utaharibu neno.

Mwanaisha: Shuleni mtoto akiandika "mato" kwenye insha apigwa mstari mwekundu. Nimweleze nini?

Ami Shee: Mwambie mstari ule una tarehe. Mwaka 1928 kulikuwa na mkutano Mombasa, Kiunguja kikachaguliwa kiwe msingi wa Kiswahili sanifu, na mwaka 1930 ikaundwa kamati ya kukisimamia katika nchi zote nne: Kenya, Tanganyika, Uganda na Zanzibar. Kwenye insha aandike macho achukue alama zake. Nyumbani aseme mato. Turudi kwa Zena, usiku unaingia.

Zena: Kubwa zaidi nimeliacha mwisho. Kituo cha kwanza nisome Lamu au Amu?

Bi Somoe: Amu.

Athman: Bibi, abiria ana tiketi imeandikwa Lamu. Akisikia Amu atabaki kitini mpaka Matondoni.

Bi Somoe: Atauliza. Ana mdomo.

Famau: Na Faza je? Wenyewe wasema Rasini. Mtu wa Kizingitini ukimwambia Faza akuelewa, lakini ajua wewe si wa huko.

Ami Shee: Tangulizeni la wenyeji, lifuate la kibao, kwa pumzi moja, bila "au" na bila "yaani". "Tunafika Amu, Lamu." "Tunafika Rasini, Faza." Mgeni anashika la pili, mwenyeji amesikia lake. Ukitia "yaani" limekuwa somo. Hayo mawili tu, Zena. Siu na Siyu si majina mawili, ni jina moja lililoandikwa vibaya.

Na Amu ni A-mu, mkazo kwenye A. Lugha ni Ki-a-mu, silabi tatu, usiibane ikawa "Kyamu". Watu ni Wa-a-mu, a mbili zote zisikike. "Kilamu" hatulijui.

Zena: Siu sasa. Nimejaribu mara kumi, y yaja yenyewe.

Famau: Yaja kwa sababu ulimi unateleza kutoka i kwenda u, na katikati ya hapo pana y. Sema "si", midomo ikiwa bapa. Simama kabisa. Sema "u", midomo ya mviringo. Rudia, kila mara upunguze kule kusimama, lakini midomo usiiruhusu ianze kuviringika kabla "si" haijaisha. Mkazo uko kwenye si. Ukiutia kwenye u, y itarudi.

Mengine haraka. Shella ni She-la, l moja, hiyo ya pili ni ya maandishi. Pate ni Pa-te, msomaji wa Kiingereza asiifanye "Peti". Takwa ni silabi mbili, si "Takuwa". Mokowe mkazo kwenye ko. Kiwayu watu huivuta mwisho, na wengine huiandika Kiwayuu. Ivute, mkazo uingie kwenye yu: Ki-wa-YU-u. Maweni ni mawe na -ni, maWEni. Mbwajumwali utaikuta pia imeandikwa Mbwajumali.

Zena: Tchundwa?

Famau: Imeandikwa Tundwa, Chundwa na Tchundwa. Sisi Siu twasema Tundwa, lakini hilo si letu. Nitampata mtu wa huko kabla ya kulala, alitamke mwenyewe, nikutumie umfuate. Jina la mji wa mtu usilikisie kwa herufi.

Kupi: Maji yamefungwa, shukran. Naona mko shule ya usiku 😄 Zena utaeleza na maana ya kila jina? Wageni hupenda

Ami Shee: Aeleze yale yaliyo maneno tu: lango, mkoma, mkungu, utuku, mui, mtanga. Manda, Pate na Shela kila baraza ina hadithi yake, na mbili hazipatani. Ukiirekodi moja, baraza zilizobaki zitakupigia simu.

Athman: Zena, la mwisho kutoka kwangu, na ndilo linaloharibu kazi nyingi. Usisome orodha mfululizo. Ukisoma majina yakifuatana, sauti hupanda mwisho wa kila jina kwa kuwa wangojea linalofuata, kisha hushuka kwenye la mwisho peke yake. Yakikatwa kila moja faili yake, ishirini yanasikika kama maswali: "Matondoni?" Weka kila jina ndani ya sentensi ile ile, "Sasa tunafika Matondoni," na ushuke mwisho. Mara tatu kila jina, faili moja kwa jina, uipe faili jina la kituo, si namba. Kwenye Pate na Kipungani simu iwe kando ya mdomo, kiasi cha shubiri moja, la sivyo p itapiga kama mlango. Feni izimwe. Na rekodi baada ya jogoo kunyamaza, kama wananyamaza mtaa huo.

Bi Somoe: Hawanyamazi. Majimbi ya jirani yaanza kabla ya alfajiri. Rekodi saa nne.

Zena: Saa nne basi. Nyote ahsanteni. Huu ni wa kujaribu, Mkomani, Mtangawanda na Siu, nimefanya chooni maana ndiko kusiko na feni 🙈

🎤 *Ujumbe wa sauti, 0:11*

Athman: M zote mbili zipo. Lakini choo kina mwangwi, kesho chumba chenye godoro na nguo.

Ami Shee: Mtangawanda ni yenyewe. T imekaa menoni.

Famau: 👍 Nimempata mtu wa Tundwa, anarekodi sasa hivi.

Bi Somoe: Mkomani sasa ina m. Siu irudie, y bado iko, imejificha tu.