Fleti palipokuwa na yadi ya vyuma Athi River: tununue, au tukimbilie ploti Joska?

BintiWaLaini:
Habari zenu wadau. Naomba ushauri kabla pesa haijatoka. Mimi ni msimamizi wa laini ya kushona huku EPZ, eneo la viwanda vya bidhaa za kuuza nje, mume wangu anaendesha trela la simenti. Tuna watoto wawili na tunakodi hapa hapa Athi River, nje ya Nairobi, shilingi 20,000 kwa mwezi.

Karibu na tunapoishi kulikuwa na yadi kubwa ya vyuma na magodauni mawili. Ukuta umebomolewa, krini zimesimama, na sasa bango linasema fleti zaidi ya 600, ghorofa kumi na mbili, lifti, bwawa la kuogelea na mahali pa watoto kucheza. Vyumba viwili ni milioni 4.8. Unatoa asilimia 20 sasa, nyingine unalipa nyumba ikikamilika. Wakala anasema bei inapanda mwisho wa mwezi.

Mume ameipenda sana. Wifi yangu naye anasema ni ujinga kununua hewa ghorofa ya nane wakati ploti ya futi 50 kwa 100 iko Joska, kaunti hii hii ya Machakos, kwa laki tisa. Nyinyi mnaonaje?

Kaa_La_Moto:
Hiyo "mwisho wa mwezi" haijataja mwaka, dada. Tulia.

MzeeWaLukenya:
Binti, nimeuona mji huu ukiwa na ng'ombe wengi kuliko watu. KMC, shirika la serikali la nyama, ni la 1950. Simenti ya Portland ikaanza kusagwa hapa 1958. EPZ ikaja baada ya sheria ya 1990, ndipo vijana wakajaa na nyumba za mabati zikaota kila upande. Kazi ilikuwepo lakini mtu wa Nairobi hakutaka kulala huku. Kilichogeuza mambo ni barabara na reli: kituo cha treni cha Syokimau 2012, reli mpya ya SGR 2017, halafu Expressway, barabara ya kulipia ya kilomita 27, kutoka Mlolongo hadi Westlands mwaka 2022. Mwenye godauni akapiga hesabu akaona ardhi yake ikibeba fleti 600 ina faida kuliko ikibeba vyuma. Simlaumu.

Ila watu wanaongea kana kwamba viwanda vimeondoka. Vimekwenda wapi? Vinu vya simenti bado vinasaga, tanuru za chuma zinawaka usiku, ngozi zinalowekwa. Kilichoondoka ni ile yadi moja tu. Kwa hivyo usiangalie bwawa la kuogelea. Simama kwenye uwanja wa mradi uulize kiwanda cha karibu kiko upande gani. Upepo wa huku kwa kawaida hutoka mashariki, na aliye magharibi mwa kiwanda ndiye anayemeza vumbi. Nenda saa mbili usiku, si saa nne asubuhi anayokupangia wakala.

BintiWaLaini:
Asante sana mzee. Kwa kweli tulienda asubuhi, na ni yeye aliyetupangia. Kiwanda kiko upande linakochomoza jua.

MzeeWaLukenya:
Basi umeshapata jibu moja.

Mama_Tokeni:
Shoga, mimi naishi kwenye fleti kama hizo, sitataja ni zipi. Uzuri upo: watoto wanacheza ndani ya geti, stima ni ya tokeni, hakuna mwenye nyumba wa kukugongea tarehe tano. Shida ni MAJI. Maji ya kaunti yanakuja yakitaka, kwa hivyo jengo zima linategemea kisima kilichochimbwa, na maji yake ni ya chumvi. Sabuni haitoi povu, hita ya bafuni inaungua kila mara, birika linashika ukoko mweupe. Ya kunywa tunanunua.

Na si chumvi peke yake. Visima vingi vya ukanda huu vina floraidi nyingi, ndiyo maana unaona watoto wenye meno ya kahawia. Kiwango cha WHO ni miligramu 1.5 kwa lita. Waambie wakuonyeshe cheti cha maabara cha kisima chao. Wakisema wana mtambo wa kusafisha, uliza nani anaulipia, maana utaukuta kwenye ada ya huduma. Kwetu ada ilianza ndogo, ikapanda lifti zilipoanza kuharibika. Watu 600 na lifti mbili, fikiria Jumatatu asubuhi. Anayebeba mtungi wa gesi hadi ya nane kwa ngazi ni nani kama si wewe?

Wakili_Pembeni:
Sijaona karatasi zako, kwa hivyo chukua haya kama mwanzo tu, halafu tafuta wakili wako mwenyewe, si yule "wa mradi".

Kwanza, ardhi za viwanda huku nyingi ni za lisi, yaani za kukodi kwa miaka maalum. Uliza imebaki miaka mingapi. Kampuni ikiwa ya kigeni, Katiba ya 2010 kifungu cha 65 hairuhusu imiliki zaidi ya lisi ya miaka 99, kwa hivyo akikwambia unauziwa umiliki wa milele, ondoka. Pili, lisi ya zamani iliandikwa kwa matumizi ya viwanda. Lazima kuwe na idhini ya kubadilisha matumizi kuwa makazi. Omba nakala.

Tatu, na hapa ndipo watu wanaumia: fanya sachi, yaani upekue rekodi za ardhi, uone kama imewekwa rehani benki. Kampuni nyingi hujenga kwa mkopo na si kosa, lakini benki isipokuandikia kwamba fleti yako itaachiliwa ukimaliza kulipa, siku kampuni ikishindwa mnada unakukuta ndani ukipika. Nne, sheria ya fleti ya 2020, iliyofuta ile ya 1987, inataka kila fleti iwe na hati yake pamoja na fungu lake la ngazi, paa na uwanja, na wamiliki wawe na shirika lao la kuendesha jengo. Zamani ulipewa lisi ndogo na hisa za kampuni ya usimamizi, na kuna wanaouza hivyo hadi leo. Mkataba useme wazi ni hati ipi na itatoka lini. Usisahau ushuru wa stempu wa asilimia 4 kwa maeneo ya mji: hapo ni 192,000 ambazo hazipo kwenye bango.

Hesabu_Kwanza:
Hakuna aliyetaja mkopo. Bei ni 4,800,000, unatoa 960,000, inabaki 3,840,000. Tuseme mmepata mkopo wa nyumba kupitia sacco inayopata pesa za KMRC, kampuni inayozikopesha sacco na benki pesa za mikopo ya nyumba, riba asilimia 9.5, miaka 20. Ni karibu 36,000 kila mwezi. Ongeza ada ya huduma, tuseme 4,500. Unatoka 20,000 ya kodi hadi 40,000, na wakati nyumba inajengwa bado unalipa kodi. Mkilipa bila kunyima watoto karo, sawa. Mkitegemea mpangaji awalipie, piga tena hesabu: fleti 600 zikikabidhiwa pamoja, wenye kutafuta wapangaji ni wengi mwezi huo huo, na kodi inashuka.

Ploti_Ni_Uhai:
Ndiyo maana wifi yako ana akili. Laki tisa unamaliza, hati jina lako, unajenga chumba kimoja kimoja. Mbuzi na kuku pia unafuga.

Kaa_La_Moto:
Hati jina lako, ndiyo. Waliobomolewa Mavoko, huku huku Athi River, Oktoba 2023 nao walikuwa na karatasi. Mahakama ikasema zile ekari zaidi ya 4,000 ni za kampuni ya simenti, tingatinga zikaingia kwenye maghorofa ya watu. Syokimau 2011 ilikuwa vivyo hivyo, ardhi ya uwanja wa ndege. Ploti si salama kwa sababu tu iko chini.

Ploti_Ni_Uhai:
Hapo umenifunga mdomo kidogo. Lakini Joska si Mavoko. Afanye sachi basi, na aende na mpimaji kwenye bikoni za mipaka.

Fundi_Msingi:
Mimi nauliza kitu kimoja: hiyo yadi ilikuwa ya vyuma gani? Vyuma vya magari ni jambo moja, betri kuukuu ni jambo lingine kabisa. Mtaa wa Owino Uhuru kule Mombasa, madini ya risasi (ledi) kutoka kiwanda cha kuyeyusha betri iliingia kwenye udongo na damu za watoto, na mwaka 2020 mahakama ikaamuru walipwe shilingi bilioni 1.3. Kabla ya kujenga lazima kuwe na ripoti ya mazingira ya NEMA, mamlaka ya mazingira. Isome sehemu ya udongo. Uwanja wa watoto kucheza utakaa juu ya nini?

Kingine, huku ni udongo mweusi wa mbuga, unavimba mvua ikinyesha na kupasuka ikikauka. Uliza walichimba hadi kwenye mwamba au waliishia juu.

BintiWaLaini:
Nimempigia wakala na maswali yenu mkononi. Lisi imebaki miaka 58. Rehani ipo, "lakini ni kawaida". Cheti cha maji "kinakuja". Yadi ilikuwa ya vyuma chakavu "na betri kidogo". Alipofika hapo akasema atanipunguzia laki moja na nusu nikilipa wiki hii. Mume amesikia yote kwenye spika na sasa ni yeye anayesema tungoje.

Fundi, hiyo ripoti ya NEMA mwananchi wa kawaida anaipata wapi?

Fundi_Msingi:
Ofisi ya NEMA ya kaunti, Machakos. Nenda na jina la mradi na nambari ya ploti, uandike barua ya kuomba kuisoma. Angalia pia leseni yenyewe na masharti yake nyuma. Usiende na wakala. Na hiyo laki moja na nusu, kabla hujaifurahia, muulize maabara ya kupima udongo inatoza ngapi.