Naomba ushauri: hospitali binafsi Kampala au ya misheni Arua?

Wakubwa shikamooni, wenzangu habari zenu. Nimemaliza diploma ya uuguzi na leseni ya Baraza la Wauguzi na Wakunga imeshatoka. Nina nafasi mbili, na Ijumaa natakiwa kujibu.

Ya kwanza ni hospitali binafsi hapa Kampala, shilingi 900,000 kwa mwezi. Nilikwenda kuiona. Zamu ni masaa 12, na usiku wodi nzima anaachiwa muuguzi mmoja. Niliyemkuta kazini aliniambia glovu huisha kabla ya mwezi kwisha, na mwenzake alipochomwa na sindano ya mgonjwa alijitafutia mwenyewe dawa za kuzuia VVU, ambazo lazima zianzwe ndani ya masaa 72. Hilo limenikaa moyoni kuliko mshahara. Mkataba nao hautaji likizo.

Ya pili ni ya misheni, upande wa Arua: 550,000, nyumba bure, chanjo ya homa ya ini B, na miezi ya mwanzo nafanya kazi chini ya muuguzi mzoefu. Hapo ndipo roho yangu ilipo, maana bado najifunza.

Lakini wadogo zangu wawili wanasubiri karo, na mama ananitegemea mimi. Kodi ya chumba na boda boda Kampala vitanibakizia kiasi gani kweli? Kuna aliyewahi kuomba muuguzi wa pili wa usiku aandikwe kwenye mkataba, akakubaliwa? Na Tume ya Utumishi ya Wilaya ikitangaza kazi za serikali, inathamini zaidi uzoefu wa wapi?