Mara ya kwanza kwenda kuonja wain Dodoma, naomba mwongozo nisiaibike

Baba Twins: Wakuu habari za wikiendi. Ijumaa mimi na wife tunapanda SGR kwenda Dodoma, kasikia kuna viwanda vya wain unazungushwa halafu unaonjeshwa basi hanipi amani. Sasa mimi wain naijua ile ya harusini tu, tamu kama sharubati, kushika glasi kwenyewe sijui. Mtu unatokea tu getini? Na ni kweli ukionja unatema??

mgogo_original: Mbukwenyi mkuu. Usitokee tu, kile ni kiwanda watu wako kazini siyo baa, piga simu mapema uliza kama wanapokea wageni na kuonja ni bei gani. Kama ni Hombolo ni kama kilomita 40 toka mjini so kodi gari na mkubaliane kabisa dereva haonji. Vaa viatu vya kufunika maana kwenye matenki sakafu inamwagiwa maji kila saa, na wife aache pafyumu hotelini, akijipulizia hamtanusa kingine zaidi yake. Ila raha yenyewe ni kipindi cha mavuno, huku zabibu tunavuna mara mbili kwa mwaka, unakuta makreti yanashushwa, juisi ya zabibu inatiririka na nyuki kibao.

Kijana wa Area C: Tema mkuu, tema. Mimi niliona hasara nikameza wain zote sita, asubuhi nilikunywa chai tupu, kutoka nje lile jua la Dodoma likanipokea nikakaa chini ya mzabibu kama nusu saa, mchumba ananipepea na karatasi ya bei. Kindoo kipo pale mezani kwa kazi hiyo na hakuna anayekushangaa. Kula ugali kwanza.

Shangazi Mtandaoni: Glasi shika mguu wake, ukikumbatia tumbo unaipasha joto. Zungusha kidogo, nusa, kisha fundo dogo lizunguke mdomoni. Wataanza na nyeupe, mara nyingi ya zabibu aina ya Chenin Blanc, ndo nyekundu zije, na hapo uulizie Makutupora maana hiyo ndo zabibu ya kwetu. Sasa ukiona ulimi umekauka kama umetafuna ndizi mbichi usidhani imeharibika, ni maganda hayo, nyekundu inachachushwa na maganda yake ndo inapata rangi na ule ukakasi, nyeupe wanakamua wanayatoa. Wife kama anapenda tamu aseme tu, wanazo, asijilazimishe drai, yaani isiyo na utamu, ili aonekane mjuzi, mbona hata wao wanauza sana hizo tamu.

Baba Twins: Asanteni sana wakuu, simu napiga kesho. Wife kasoma yote, kutema kakubali, pafyumu kasema haachi.