Tupeane uzoefu: kupanga, kufanya kazi na kulea watoto Silicon Valley, namba kwa namba

Kisiki (mwanzisha uzi)

Wakuu, salaam. Kila wiki kuna anayeuliza kama mshahara fulani unatosha kuishi San Jose, Sunnyvale au San Francisco. Badala ya kumjibu mmoja mmoja, tuweke yote hapa. Ombi langu ni moja tu: stori za "mimi nilipofika" zina nyuzi zake. Hapa tupeane namba, tarehe na hatua.

Kwa mgeni kabisa: mwaka 2018 wizara ya nyumba ya Marekani iliihesabu familia ya watu wanne yenye kipato cha dola 117,400 kwa mwaka kuwa ya kipato cha chini katika kaunti za San Francisco, San Mateo na Marin. Ajira zimeongezeka kwa kasi kuliko nyumba, na aliyeshika nyumba zamani haachii. Sheria ya Proposition 13 ya mwaka 1978 inamtoza kodi ya jengo ya asilimia 1 ya thamani iliyosajiliwa siku aliponunua, na thamani hiyo haipandishwi zaidi ya asilimia 2 kwa mwaka mpaka nyumba iuzwe. Auze ili iweje?

Dalali Mstaafu

Naanza na pango. Kabla ya kuuliza bei, uliza jengo lilijengwa mwaka gani. Mwaka huo ndio unaoamua pango lako litapandaje.

San Francisco ina udhibiti wake kwa majengo yaliyopata kibali cha kukaliwa kabla ya tarehe 13 Juni 1979. San Jose inadhibiti majengo ya nyumba tatu na kuendelea yaliyojengwa kabla ya tarehe 7 Septemba 1979, na nyongeza haizidi asilimia 5 kwa mwaka. Mountain View mpaka wake ni tarehe 1 Februari 1995. Jengo likiwa nje ya udhibiti wa mji lakini limeshapita miaka 15, linaangukia sheria ya jimbo la California iliyoanza Januari 2020: asilimia 5 pamoja na mfumuko wa bei wa eneo, na jumla isizidi asilimia 10 ndani ya miezi 12. Yaani pango la dola 3,000, mfumuko ukiwa asilimia 3, halitakiwi kuvuka dola 3,240. Barua ikija na 3,500, usisaini wala usigombane. Jibu kwa maandishi, taja sheria, endelea kulipa kiasi halali kwa wakati. Sheria hiyo imewekewa mwisho wa tarehe 1 Januari 2030 kama bunge la jimbo halitairefusha.

Mtego ni nyumba ya kujitegemea. Watu huipenda kwa sababu ya ua na utulivu, kumbe ikiwa inamilikiwa na mtu binafsi na mkataba una kifungu kinachosema haimo kwenye ulinzi, hakuna ukomo wa nyongeza. Anachodaiwa mwenye nyumba ni taarifa tu: siku 30 kama nyongeza haizidi asilimia 10, siku 90 ikizidi. Kifungu hicho huwa kwenye kurasa za mwisho ambazo hakuna anayezisoma. Zisome.

Amana: tangu tarehe 1 Julai 2024 ni pango la mwezi mmoja tu, nyumba iwe na samani au isiwe nazo. Wenye nyumba wadogo, wasio na zaidi ya majengo mawili yenye jumla ya nyumba nne, bado wanaruhusiwa kuomba ya miezi miwili. Ukihama wana siku 21 kukurudishia au kukuandikia makato moja moja. Rangi iliyofifia na zulia lililochakaa kwa kutembelewa si makato halali. Siku hizi mwenye nyumba anatakiwa kupiga picha, ila wewe piga zako kwanza: kila chumba pembe nne, ndani ya oveni, chini ya sinki, fremu za madirisha. Zitume kwa barua pepe siku hiyohiyo ili tarehe ijisemee.

Mama Salha

Asante Dalali. Swali: na vile vyumba vya gereji? East San Jose na East Palo Alto vinatangazwa bei nusu.

Dalali Mstaafu

Dada, nenda tovuti ya idara ya ujenzi ya mji husika, weka anwani, tazama historia ya vibali. Gereji iliyogeuzwa kihalali itakuwa na kibali na ukaguzi wa mwisho uliofungwa. Isipokuwa nacho, ukaguzi ukija mji unaweza kuamuru chumba kisikaliwe, na utaondoka hata kama umelipa. Ukiwa ndani angalia vitu vitatu: dirisha la chumba cha kulala linalotosha mtu kutoka wakati wa moto, king'ora cha monoksidi ya kaboni (gesi ya sumu isiyo na harufu), na hita ya maji isiwe chumba kimoja na kitanda. Kikikosekana kimoja, achana nacho, bei iwe bure.

Karani wa Nakuru

Mimi niongelee ushuru, maana hapa ndipo vijana wa kampuni za teknolojia huumia bila kujua.

Mshahara wako una sehemu mbili, pesa taslimu na hisa za kampuni (RSU) zinazoiva, yaani kuwa mali yako, kwa awamu. Siku hisa zinapoiva, thamani yake yote ni mapato ya kawaida, uziuze usiziuze. Shida iko kwenye makato. Kampuni hukata asilimia 22 ya serikali kuu kwa mapato ya aina hiyo (mpaka dola milioni moja) na asilimia 10.23 ya California. Ikiwa kiwango chako halisi cha serikali kuu ni asilimia 32, hisa za dola 100,000 zimeacha pengo la dola 10,000 ambalo hakuna aliyekuambia. Aprili ikifika, deni liko mlangoni pamoja na faini.

Faini inakwepeka. Hakikisha makato na malipo yako ya mwaka yamefika asilimia 90 ya ushuru wa mwaka huu, au asilimia 110 ya ushuru wa mwaka jana kama mapato yako ya mwaka jana yalipita dola 150,000. Pengo lililobaki unalipa kwa awamu: Aprili 15, Juni 15, Septemba 15 na Januari 15. Serikali kuu inataka robo kila awamu. California haifuati mtindo huo, inataka asilimia 30, kisha 40, kisha sufuri, kisha 30. Wengi hulipa robo robo kote, halafu wanashangaa jimbo linadai riba ya Juni. Njia rahisi zaidi kwa mwajiriwa ni kurekebisha fomu ya W-4 uongeze makato kwenye kila mshahara, kwa kuwa makato ya mshahara huhesabiwa kama yamelipwa sawasawa mwaka mzima hata ukiyaongeza Novemba.

Na usikalie hisa ukidhani zitapanda. Zikiiva kwa dola 200 kisha zishuke hadi 120, ushuru unabaki ule wa 200. Kuuza siku zinapoiva ni sawa na kupokea bonasi taslimu. Jiulize: ungepewa taslimu, ungenunua hisa za mwajiri wako? Mshahara, bima na viza tayari viko kwake. Akiba nayo?

Jambo la mwisho, linatuhusu sisi wenye akaunti nyumbani. Kama jumla ya akaunti zako zote nje ya Marekani ilipita dola 10,000 siku yoyote ya mwaka, hata siku moja, unawasilisha taarifa ya FBAR, ambayo haiendi na fomu ya ushuru bali kwa FinCEN, kitengo cha wizara ya fedha, mtandaoni. Pesa ya shamba iliyopita kwenye akaunti yako Nairobi au Dar kwa siku mbili inahesabika. Si ushuru, ni taarifa tu, lakini adhabu ya kutoitoa ni kubwa kupita kiasi.

Mzee wa Milpitas

Karani amegusa viza, nami nimalizie upande wa kupunguzwa kazini.

Mwenye viza ya kazi ya H-1B ana siku zisizozidi 60 kuanzia kazi inapokoma, na hazivuki tarehe ya mwisho kwenye fomu yake ya I-94 (rekodi ya kuingia nchini). Kinachoangaliwa kwa kawaida ni siku ya mwisho uliyolipwa mshahara ukiwa bado mwajiriwa. Kiinua mgongo hakirefushi. Lakini zile siku 60 za notisi ambazo kampuni kubwa hutoa kwa sheria ya WARN, ukiwa bado kwenye orodha ya mishahara, huwa bado ni ajira. Kwa hiyo swali la kwanza kwa idara ya rasilimali watu si kiasi cha pesa, ni "tarehe rasmi ya kukoma kwa ajira yangu ni ipi?" Ipate kwa maandishi. Ndani ya siku 60 mwajiri mpya awe ameshawasilisha maombi yake. Hahitaji kuwa ameshajibiwa, na ukitoka H-1B kwenda H-1B unaweza kuanza kazi mara maombi yanapopokelewa. Ikionekana wiki ya saba hakuna kitu, muone wakili kuhusu kubadili hadhi kabla siku hazijaisha, si baada.

Bima ya afya: una siku 60 kuchagua COBRA, yaani kubaki kwenye bima ya mwajiri wa zamani, na ukichagua inarudi nyuma mpaka siku bima ilipokatika. Maana yake familia yenye afya inaweza kuchelewa kulipa ikitazama hali, ila ukichagua unadaiwa michango yote ya nyuma, na sasa unalipa na ile sehemu ya mwajiri. Linganisha na Covered California, soko la bima la jimbo, nayo ina dirisha la siku 60. Kipato kikishuka hadi asilimia 138 ya mstari wa umaskini wa taifa, mtu mzima anayekidhi masharti ya ukaazi huelekezwa Medi-Cal, bima ya serikali ya wenye kipato kidogo.

Mafao ya kukosa kazi ya California yanaishia dola 450 kwa wiki kwa muda usiozidi wiki 26. Kwa mwezi hiyo haifiki dola 2,000. Weka akiba ukijua hivyo.

Binti Bandari

Watoto sasa. Shule ya serikali inafuata anwani, na pango la Cupertino au Palo Alto lina ada ya shule iliyojificha ndani yake. Wazazi wengi wetu wanajinyima chakula kulipia anwani. Kwa maoni yangu miaka ya mwisho ya sekondari haistahili bei hiyo, kwa sababu kuna njia nyingine ya kuingia University of California ambayo haiulizi ulisoma wapi.

Mtoto aanze chuo cha jamii. De Anza kiko Cupertino, Foothill kiko Los Altos Hills, San Jose City College kiko mjini. Ada kwa mkaazi ni dola 46 kwa yuniti ya muhula, au dola 31 kwa yuniti ya robo mwaka kule De Anza na Foothill. Yuniti 90 za robo, ambazo ndizo miaka miwili, ni dola 2,790 kwa jumla. Ada ya UC kwa mkaazi inazidi dola 14,000 kwa mwaka mmoja.

Kisha kuna mkataba wa TAG: kampasi sita za UC, yaani Davis, Irvine, Merced, Riverside, Santa Barbara na Santa Cruz, zinamhakikishia nafasi mwanafunzi aliyetimiza masharti. Berkeley, UCLA na San Diego hazimo. Fomu ya TAG hujazwa kati ya tarehe 1 na 30 Septemba, kampasi moja tu, halafu maombi ya kawaida ya UC yanafuata Oktoba na Novemba. Anayejaza ya kwanza akasahau ya pili amepoteza vyote. Kosa jingine ni kuchukua masomo kwa jina: hisabati ya chuo hiki inaweza isikubalike kwa uhandisi wa kompyuta wa kampasi ile. Fungua assist.org, chagua chuo, kampasi na fani, na upange masomo kuanzia muhula wa kwanza. Ukisubiri mwaka wa pili utaongeza mwaka wa tatu. Tena TAG haifungui kila fani, na kompyuta ndiyo hufungwa kwanza, kwa hiyo tazama orodha ya kampasi kila mwaka.

Asiye na karatasi asikate tamaa. Sheria ya AB 540 inampa ada ya mkaazi akiwa amesoma California miaka mitatu na kumaliza sekondari humo.

Kwa wa East Palo Alto wenye watoto wadogo: mpango wa uhamisho uliotokana na kesi ya Tinsley, ulioafikiwa mwaka 1986, unawapa watoto wa eneo la Ravenswood nafasi kwenye wilaya jirani, Palo Alto ikiwemo. Ni bahati nasibu, na mlango uko kwenye madarasa ya chini kabisa. Mtoto akishafika la tatu umechelewa.

Kisiki

Binti Bandari, ubarikiwe. Nani anajua nyumba za bei nafuu za bahati nasibu?

Mpangaji Mtaratibu

San Francisco zinapitia tovuti ya DAHLIA, mji mwingine uliza idara yake ya nyumba. Kila tangazo lina kipato cha chini na cha juu, na wanatazama kipato kabla ya makato, cha watu wazima wote ndani ya nyumba. Pesa unayotuma nyumbani kila mwezi haipunguzi chochote. Tuma ombi moja kwa kaya. Mume na mke wakituma mawili kwa tangazo moja, yote hutupwa. Weka tayari fomu za ushuru, hati za mishahara na taarifa za benki, kwani ukiitwa muda wa kuzileta ni mfupi na hapo ndipo wengi huanguka.

Fundi Bomba

Mmesahau udongo. Kabla ya ofisi za programu, bonde hili lilitengeneza chipu, na vimumunyisho vya kusafishia kama TCE vilivuja kutoka matangi ya chini ya ardhi. Kaunti ya Santa Clara ina maeneo mengi ya usafishaji wa sumu ya Superfund kuliko kaunti yoyote Marekani. Moja kubwa liko Mountain View, mitaa ya Middlefield, Ellis na Whisman. Maji ya bomba hupimwa, tatizo ni mvuke unaopanda kupitia nyufa za sakafu. Weka anwani kwenye GeoTracker na EnviroStor, ramani za jimbo, bure. Ukiona alama karibu, muulize mwenye nyumba kwa maandishi kama jengo lina kizuizi cha mvuke na vipimo vya hewa ya ndani ni vya lini. Pendelea ghorofa ya juu.

Ila jengo ambalo chini ni maegesho matupu juu ya nguzo nyembamba, uliza kama limeimarishwa. Ndiyo aina iliyolala Marina, San Francisco, kwenye tetemeko la tarehe 17 Oktoba 1989. Na bima ya mpangaji hailipi tetemeko, hiyo hununuliwa kando.

Mama Salha

Na anayetaka kuishi mbali, Tracy au Stockton?

Mzee wa Milpitas

Treni ya ACE inavuka milima ya Altamont mpaka Santa Clara na San Jose, asubuhi kwenda, jioni kurudi, siku za kazi, na ni chache. Kazi ya zamu ya usiku haifai nayo. Kwa gari kupitia barabara ya 580, hesabu mafuta na saa, usihesabu maili. Ukivuka daraja la Dumbarton, San Mateo au Bay Bridge kuelekea magharibi, ushuru ulikuwa dola 8 mwaka 2025, na siku 21 za kazi ni dola 168. Kipato kikiwa chini ya mara mbili ya mstari wa umaskini, omba Clipper START, mpango wa nauli nafuu, nauli ya treni za BART na Caltrain inashuka nusu.

Fundi Bomba

Nyongeza fupi: umeme wa PG&E, kampuni ya umeme ya huku, kwenye mipango mingi ya kawaida ni ghali kuanzia saa kumi jioni mpaka saa tatu usiku. Kufua na kuchaji gari kusubiri. Mwenye Medi-Cal au CalFresh (msaada wa chakula) aombe CARE, punguzo la wenye kipato kidogo, inakata asilimia 30 hadi 35 ya bili ya umeme, fomu ni fupi na hawaombi karatasi mwanzoni. Wakija kuhakiki baadaye, jibu barua yao, usipojibu wanakuondoa.