Mdogo wangu akae na mtoto siku mbili: niende au nisiende?

Mama Junior
Habarini wazazi wenzangu. Mwanangu ana miaka 9, ana mtindio wa ubongo na kifafa. Hawezi kukaa bila kushikiliwa, chakula hakipokei kwa mtu mwingine ila mimi, na usiku lazima ageuzwe asipate vidonda. Mgongo wangu umekwisha. Mdogo wangu amejitolea kukaa naye Ijumaa hadi Jumapili, lakini akikumbuka kifafa anarudi nyuma. Mume wangu anasema tusubiri mtoto atulie kwanza. (Atulie lini? Naambiwa hivyo tangu wenzake wanatambaa.) Mlioweza, mliwezaje?

Baba Mapacha
Nenda dada, ila usianze na siku mbili. Sisi tulianzia humo humo ndani: shangazi yao analisha, sisi tumekaa pembeni bila kugusa kijiko. Hapo kwenye kutogusa ndipo penye kazi! Baadaye tukatoka saa moja, kisha mchana mzima, ndipo tukalala nje. Mdogo wako usimweleze tu, mwache afanye wewe ukiwepo. Amlishe akiwa wima, kidogo kidogo, asimlaze punde baada ya kula. Na kumgeuza ajifunze usiku wenyewe.

Nesi Mstaafu
Kifafa kikimshika, mdogo wako atazame saa, amlaze kwa ubavu, aondoe vitu vigumu vilivyo karibu. Asimkandamize, wala asimtie chochote mdomoni, si kijiko si maji. Dakika 5 zikipita hakijakoma, au kikirudi kabla mtoto hajazinduka, atumie dawa ya dharura kama daktari aliwapa, na aite msaada wa hospitali. Dawa za kila siku asiruke hata dozi moja. Yote haya yaandike kwenye karatasi moja, herufi kubwa, ukutani. Kurasa kumi hazisomwi saa nane za usiku.

Na mwambie shemeji hii si anasa. Mkataba wa Umoja wa Mataifa wa Haki za Watu Wenye Ulemavu wa 2006, ibara ya 28, unataja huduma ya kuwapumzisha walezi kati ya misaada ambayo serikali inapaswa kuzipa familia maskini. Ulizeni ustawi wa jamii.

Dada Mtu
Mimi ni dada wa kijana mwenye ulemavu. Mama akipata nafasi alikuwa anafua mapazia. Mimi nilitaka akae na mimi tu, basi. Kama Junior ana ndugu, mama, mapazia yaache.

Mama Junior
Dada Mtu, umenigusa, ana dada yake. Mdogo wangu atakuja jioni moja kwanza, aanze na kulisha. Baba Junior nimemsomea hiyo ibara, kanyamaza, kisha kauliza ofisi ya ustawi inafunguliwa saa ngapi. Nesi, dawa ya dharura hatujawahi kupewa. Inanunuliwa tu?

Nesi Mstaafu
Hapana mwanangu. Huandikwa na daktari kwa kipimo cha mtoto mwenyewe. Muone anayemtibu kifafa kabla hujapanga safari, na mdogo wako mwende naye.