Falanksi yangu inachapwa kila jumamosi na Warumi, nakosea wapi wakuu?

MtotoWaTandika:
Wakuu habari za jioni. Naombeni msaada maana huku heshima inazidi kushuka. Mimi na binamu yangu tuna laptop mbili za mtumba tulizochukua Kariakoo, zinabeba lile gemu la vita Rome: Total War la 2004 bila kulalamika, basi kila jumamosi tunaziunganisha kwa waya tunapigana vita ya kujipangia, hela sawa, vikosi 20 mwisho kama gemu lenyewe linavyotaka. Yeye anachukua Warumi, mi nachukua Macedon kwa sababu naipenda falanksi, yaani ile safu ya watu waliobanana na mikuki mirefu, ikishushwa yote mbele unasema hapa hapiti mtu. Sasa anapita. Kanichapa mara tisa mfululizo na anayefungwa ndo ananunua chipsi mayai, hesabu pigeni wenyewe.

Napanga hivi: vikosi 12 vya mikuki mstari mmoja, navitandaza sana ili asinizunguke, farasi vikosi vinne, viwili kila upande, wapiga mishale nyuma, jenerali katikati. Vita ikianza tu ananitumia wale vijana wake wa kurusha vimikuki, velite, wanarusha rusha af wanakimbia, na mi nikiona mtu anakimbia roho inaniuma, naachia farasi wa kulia wakawamalize. Wanawafukuza mpaka nyuma ya mstari wake, huko wanakuta triari, askari wakongwe wa mstari wa nyuma, wamechutama na mikuki yao wanawasubiri. Farasi kwisha. Mistari ikigusana kule mbele nakuwa nampiga vizuri tu, ila sijakaa sawa farasi zake zimeshatokea mgongoni, kikosi cha pembeni kinapandisha bendera nyeupe, cha pili nacho, dakika mbili wote wanatimka kama machinga walioona mgambo.

Sasa swali, falanksi ndo mbovu au mi ndo mbovu? Nirefushe mstari zaidi au nihame taifa?

KibokoYaKijiwe:
We ndo mbovu. Uzi ufungwe 😂

Kiutani tu, hamia Carthage, wale mahasimu wa Roma, uchukue tembo, mtu na upanga wake mfupi atamfanya nini tembo.

KeteMoja:
Tembo mbele ya Mrumi usithubutu mdogo wangu. Kwenye hilo gemu Warumi wana nguruwe wa moto, yes nguruwe wanapakwa mafuta wanawashwa wanaachiwa, tembo akiwaona anageuka na anaowakanyaga ni watu wako mwenyewe. Na hata bila nguruwe, kwenye vita ya Zama mwaka 202 KK Scipio, jenerali wa Kirumi, aliacha vichochoro katikati ya vikosi vyake, tembo wa Hannibal wa Carthage wengine wakapita kwenye vichochoro kama wanaenda sokoni, wengine wakashtuka kwa tarumbeta wakawarudia wenyewe. Tuache tembo.

Turudi kwako. Ugonjwa wako wote uko kwenye neno moja, "navitandaza". Falanksi haipo kwa ajili ya kuua, ipo kwa ajili ya kumshika mtu pale pale alipo asiende popote, anayeua ni mwingine. Na inashika kwa sababu ya kina. Wamakedonia walikuwa wanasimama safu 16 kwenda nyuma, ile sarisa, mkuki wao mrefu, karibu mita 6, kwa hiyo ncha za safu tano za kwanza zote zinachomoza mbele ya yule mtu wa kwanza kabisa. Polybius, mwanahistoria Mgiriki wa zamani ambaye baba yake na yeye mwenyewe waliyaona mambo haya kwa karibu, alipiga hesabu kwamba Mrumi anahitaji nafasi ya kuzungusha upanga na ngao, hivo Mrumi mmoja anajikuta anatazamana na Wamakedonia wawili, yaani ncha kumi zinamwangalia yeye peke yake. We ukishawatandaza kuwa safu tatu umetoa zawadi, halafu bado anakuzunguka kwa sababu uwanja wa gemu ni mpana kuliko mstari wowote utakaopanga. Huwezi kushinda mbio za kurefusha, yeye ana farasi na wewe ukiwa umeshusha mikuki hata kukimbia hukimbii, watu wanatembea kama maandamano ya mei mosi.

Fanya hivi jumamosi. Mikuki punguza, chukua saba au nane, wasimame kina, mabega yagusane pasiwe na mwanya hata wa kupitisha baiskeli. Vile viwili vya mwisho, cha kulia na cha kushoto, virudishe nyuma kidogo na uvigeuze vitazame nje, mstari uwe kama upinde. Weka ile hali ya kulinda ili wasimfukuze mtu, usipoiweka wakiona adui anarudi nyuma wanavunja mstari wenyewe na mwisho wanatupa mikuki wanachomoa visu, hapo hawana tofauti na walinzi wa geti. Hela iliyobaki weka kwenye farasi, na FARASI WOTE UPANDE MMOJA. Mbili mbili kila upande ni kugawa umaskini. Upande mwingine kaa karibu na msitu au kilima, weka wapiga mishale na watu wa mikuki mifupi wa kuwakinga.

Na velite wake waache warushe. Vimikuki vikiwaishia watarudi wenyewe. Ile unayokula ni kete ya sadaka kaka, hujawahi kucheza drafti? Mtu anakupa moja bure, unaifurahia, anakula tatu na anaingia king.

Ukishaona mistari imegusana na wake wote wamezama kwenye mikuki, ndo unaachia farasi, wazunguke kwa mbali, wapige mgongoni. Wakishagonga wavute watoke, hesabu mpaka kumi, wagonge tena. Farasi akisimama katikati ya watu wa miguu ni nyama. Wahenga wa hili gemu tunaita nyundo na fuawe, na wewe umekuwa ukirusha nyundo kabla chuma hakijawekwa.

MtotoWaTandika:
Eti maandamano ya mei mosi 😂😂 ila nimekuelewa mkuu. Sasa nikipunguza mikuki akinizidi urefu je?

MwalimuWaZamu:
Atakuzidi, na hapo ndo unatakiwa uwe na kitu nyuma. Ngoja niongezee kwa KeteMoja maana kaacha jambo kubwa na ndo hilo hilo linalokuua.

Hicho anachokufanyia binamu yako kilitokea kweli, Cynoscephalae, Thesalia huko Ugiriki, mwaka 197 KK. Mfalme Philip wa Tano wa Macedon na Warumi wa jenerali Flamininus walikutana vilimani kwa bahati tu, ukungu mzito, vikosi vya mbele vikagongana kabla majeshi hayajajipanga. Upande wa kulia wa Philip ukawahi kufika juu, ukashusha mikuki ukaanza kushuka nayo kilima, Warumi wa mbele yake wakawa wanarudi kinyumenyume hawana la kufanya. Ukiangalia pale tu utasema Philip kashinda. Upande wa kushoto ndo ulikuwa bado unapanda mmoja mmoja, haujajipanga, ukapigwa ukakimbia. Halafu kuna ofisa mmoja wa Kirumi, tribuni, hata jina lake halikuandikwa, akaona hapa upande wetu tumeshamaliza kazi, akachukua manipuli 20 za nyuma, yaani vikosi vidogo vya Kirumi, akageuka akaenda kuupiga mgongo wa ule upande wa Philip uliokuwa unashinda. Mtu aliyeshika mti wa mita 6 na wenzake wamembana kushoto kulia hawezi kugeuka. Wakawa wananyanyua sarisa juu kuonyesha wamesalimu amri, Warumi hawakuelewa hiyo ishara, wakaendelea kuwachinja.

Sasa cha kujiuliza, yule tribuni alipata wapi watu? Warumi walikuwa wanapanga mistari mitatu, hastati, principe, triari, kwa hiyo muda wote kulikuwa na watu nyuma ambao hawajaguswa. Philip hakuwa na mtu nyuma. Wewe pia huna, 12 wote umewapeleka mbele. Tena Alexander mwenyewe, aliyetumia mikuki hiyo hiyo, pale Gaugamela 331 KK aliweka mstari wa pili nyuma ya falanksi wenye amri ya kugeuka kama wakizungukwa, na kweli kuna Waajemi walipenya wakafika mpaka kwenye mizigo, mstari wa pili ukawageukia. Watu wanakumbuka tu farasi wake walivyomkimbiza Darius, mfalme wa Uajemi.

Kwa hiyo kwenye hizo nane za KeteMoja mimi ningeweka sita mbele, mbili nyuma zimesimama tu, mikuki juu, ili ziweze kukimbia. Farasi zake zikija nyuma zinakuta watu.

FarasiWaParthia:
Mnamtesa dogo bure na hiyo mikuki. Chukua Parthia, wapiga mishale wa farasi tupu, unamzunguka unamrushia akikusogelea unarudi nyuma huku unarusha. Vita ya Carrhae 53 KK Crassus wa Roma alikwenda na lejioni saba, yaani vikosi vikubwa vya Kirumi, Surena jenerali wa Parthia alikuwa na wapanda farasi kama elfu kumi tu. Warumi wakajibana wakasema tusubiri mishale iwaishie. Kumbe jamaa ana ngamia wamebeba mishale ya akiba, ikiisha wanakwenda kujaza wanarudi. Crassus hakurudi nyumbani.

KeteMoja:
Carrhae ni jangwa kaka, uwanja hauna mwisho. Kwenye gemu kuna ule mstari mwekundu wa mwisho wa ramani, unarudi nyuma, unarudi, unajikuta umebanwa kwenye kona. Na binamu akijua leo unakuja na Parthia ananunua wapiga mishale wa miguu, wako wengi kwa kikosi kimoja na wamesimama imara, kurushiana nao unapoteza farasi wa bei mbaya. Zaidi ya yote utapoteza binamu, hakuna mtu anapenda kucheza na wa hivyo.

FarasiWaParthia:
Hapo kwenye binamu sina jibu 😂 mi nacheza peke yangu siku hizi.

MngoniWaGongolamboto:
Nimewasoma hapa mnatoka Ugiriki mnaenda Uajemi, nyumbani hamupaoni. Sisi wa Songea babu zetu walikuja na hiyo kitu kutoka kusini, safari ya kiongozi wao Zwangendaba, wakati vita vya Shaka vimevuruga nchi. Jeshi linapangwa kama ng'ombe. Kifua kinamkabili adui kinamshika, pembe mbili za vijana wenye mbio zinamzunguka, na nyuma kuna kiuno. Kiuno ndo hiki MwalimuWaZamu anakisema, watu wa akiba. Wazee wanasimulia kwamba kwa Wazulu hao wa kiuno walikuwa wanakalishwa chini wameipa vita mgongo, wasiione, maana kijana akiona wenzake wanapigana damu inachemka anaingia bila kuitwa.

We dogo shida yako ni hiyo, "nikiona mtu anakimbia roho inaniuma". Hao wawili wa nyuma ukiwaweka utawatumia dakika ya kwanza, nakujua hata sijakuona. Wakalishe. Ikibidi sogeza kamera usiwaone.

Na kama ramani ina msitu usiwe mvivu, ficha farasi humo, kwenye gemu hilo kikosi kilichosimama mitini adui hakioni mpaka afike karibu. Wale mnaopita na daladala ya Tegeta mnaona kambi ya Lugalo, jina limetoka huko Iringa, 17 Agosti 1891, kamanda Zelewski na jeshi lake la Wajerumani walikuwa wanatembea foleni ndefu, Wahehe wa Mkwawa wamejilaza vichakani na mikuki, wakawaruka kabla hata bunduki hazijawekwa sawa. Zelewski alikufa pale pale. Hakupewa muda wa kupanga falanksi wala nini.

KibokoYaKijiwe:
Aisee nilikuja kutania sasa nataka kudownload hili gemu. Lina ukubwa gani, bando langu la usiku linatosha?

MwalimuWaZamu:
Usidownload kwa bando mkuu, njoo na flashi.

MtotoWaTandika:
Wakuu nimerudi. Jumamosi imepita.

Vita ya kwanza nimepanga mikuki sita mbele, miwili nyuma, farasi vitano vyote kulia na nimevificha kwenye miti kama alivyosema Mngoni. Velite wakaja wakarusha, nimekaa juu ya mikono yangu kabisa, kweli nilikalia mikono. Binamu akaanza kuuliza "mbona huji". Akaona kama nimeganda akaleta hastati wote, wakazama kwenye mikuki. Farasi zake zikanizunguka kushoto zikakutana na wale wawili wa nyuma, nilikuwa hata nimewasahau maana kamera niliitoa. Hapo ndo nikaachia wa msituni. Nilivyogonga mara ya pili bendera nyeupe zikaanza kwake, ya kwanza kabisa tangu tuanze kucheza, nikapiga kelele mpaka mama mwenye nyumba akaja kugonga mlango.

Ya pili nikajiona Alexander, nikawafuata triari kwa mbele na jenerali wangu. Kafa. Jeshi lote likakata tamaa, nimefungwa.

Ya tatu sasa ndo yenye mgogoro. Nimempiga, jeshi lake lote linakimbia, limebaki kikosi kimoja cha triari kilimani, na mi nina mikuki minne na farasi viwili. Umeme ukakatika. Laptop yangu betri nzima, ya kwake betri ilishakufa zamani anatumia waya tu, ikazima. Gemu likaandika nimeshinda kwa sababu yeye ametoka. Anasema vita haikuisha kwa hiyo ni sare, na kila mtu anajinunulia chipsi zake. Mnasemaje?

KeteMoja:
Triari kilimani dhidi ya mikuki minne inayopanda? Mimi ningesema sare.

MngoniWaGongolamboto:
Ana farasi viwili bado. Binamu alipe.

KibokoYaKijiwe:
Alipe chipsi, mayai ujiwekee mwenyewe.